Ufunguo wa Mshindani

Mliponiomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya ukalimani, nadhani mlitaka nicheke nanyi. Nitacheka kidogo. Lakini nimestaafu nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niifiche sasa, wakati hakuna tena wa kuniandikia barua ya onyo. Anayetaka maneno matamu aitafute ile hotuba iliyosomwa siku ya kunikatia keki, iliyosema Bi Kadzo alikuwa nguzo ya mahakama. Nguzo haina masikio. Mimi nilikuwa nayo mawili, mazima, na hilo ndilo linaloniuma.

Niliingia kazini nikitoka shambani kwa baba, bara ya Kilifi, nikiwa na lugha tatu kichwani: Kigiriama cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha shule, hiki cha mwisho kikiwa na matundu. Mahakama yenyewe siitaji. Ni ya pwani hii hii, na waliomo wanajijua. Aliyenipokea ni Mzee Shee, mkalimani mkongwe, mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi, mtu wa kanzu na kofia ya mkono. Kiswahili chake kilikuwa kimekamilika hata hakimu alikuwa akimwomba arudie, si kwa kutoelewa, bali kwa kutaka kukisikia tena. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama miguuni, akasema, "Hivyo viatu vinalia. Kesho uje na vingine. Kule ndani hakuna anayetaka kukusikia wewe."

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Mshtakiwa alisema kwa Kigiriama kwamba mbuzi alimchukua, ndiyo, lakini mbuzi mwenyewe ndiye aliyemfuata. Nikamgeukia hakimu nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee huyu anasema alimchukua mbuzi. Mzee Shee, aliyekaa nyuma yangu, akakohoa. Wakati wa chai akaniita.

"Nani anasema?"

"Yule mshtakiwa."

"Na wewe ni nani hata utuletee habari zake? Akisema nimeiba, nawe sema nimeiba. Akisema mimi, nawe ni mimi. Ukiwa ndani ya kile chumba huna jina."

"Mzee, kuna majirani zangu mle. Watanisikia nikisema nimeiba mbuzi."

"Watakuzoea," akasema, akamimina chai yake kwenye kisahani.

Walinizoea kweli. Kwa miaka yote hiyo nimekiri wizi, nimekana watoto, nimetukana mama za watu mbele ya hakimu kwa sauti ile ile ninayoombea chumvi mezani. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: Biblia na Msahafu vya kuapishia, kipande cha tangawizi cha kulinda koo, kamusi isiyo na jalada, na daftari. Daftari la Mzee Shee lilikuwa la ajabu. Chini ya kila neno la Kiingereza hakuandika maana. Aliandika watu. Chini ya neno moja utakuta "kaka na dada wanaogombania shamba la minazi", chini ya jingine "mke mdogo siku ya kwanza". Nilipomuuliza kwa nini, alisema maana zimo kwenye kamusi, lakini kizimbani huwa anasimama mtu.

Ukurasa wa washindani niliupata kwa aibu. Wahudumu wawili wa hoteli za Kikambala walikuwa wamepigana kwenye mechi ya wafanyakazi. Wakili mmoja, kwa kupenda kusikika, akatumia maneno manne tofauti ya Kiingereza kumwita mtu yule yule mmoja, nami yote manne nikayamwaga kwenye neno moja la Kiswahili, adui. Kijana wa watu akashangaa. "Adui? Huyu tunakula naye jikoni kila siku. Jumamosi ile tu ndiyo alikuwa upande wa pili." Chumba kizima kikacheka, na wakili akajifanya kutafuta karatasi. Mzee Shee hakucheka.

Nje akanikalisha kwenye benchi la mashahidi. "Aliye upande wa pili wa mpira ni 'opponent'," akasema. "Ni wa siku hiyo. Filimbi ikilia, kwisha. Wawili wanaovutana mteja mmoja ni 'competitors', na huenda hata majina hawajuani. 'Rival', huyo mnajuana sana. Umempima, naye amekupima, miaka nenda miaka rudi. Ukipika pilau unajiuliza yeye angeipikaje."

"Na 'enemy'?"

"Huyo hana haja ya kukushinda. Anataka usiwepo." Kisha akanipa swali ambalo nimelitumia hadi juzi. "Ukikwama, usikimbilie kamusi. Jiulize: huyu mwenzake akitoweka kesho, yeye atabaki na nini? Mwenye adui atalala usingizi mnono. Mwenye duka ataongeza wateja. Wa mpira atakosa mechi. Lakini yule mwenye mwenzake wa miaka, mwanangu, atakosa wa kumtazamia kazi yake."

Nikamuuliza Mzee Shee msichana wa mashindano ya urembo, anayeitwa "contestant", yuko wapi hapo. Akasema huyo ana shida na majaji tu, tumwache.

Haya yote nilifundishwa, nikayashika. Kisha Mzee Shee akastaafu, kesi zikaongezeka, nami nikajifunza kitu ambacho hakunifundisha. Nikajifunza kufupisha. Mnajua ninachosema, msinitazame hivyo. Mwendesha mashtaka anazungumza dakika kumi kwa Kiingereza, hakimu anatazama saa, mafaili yamerundikana, nawe unamgeukia mtu aliye kizimbani unamwambia, "Wanapinga dhamana." Dakika kumi zimekuwa maneno mawili. Anaitika kwa kichwa kwa sababu hana njia nyingine. Huko tunakuita kuokoa muda. Muda wa nani, jamani? Mwenye kukaa rumande si mimi.

Sasa niwaeleze habari za Fundi Kahindi. Mengine niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa mwanzo ili mfuate vizuri.

Pale Gede kuna mafundi wawili wa kushona, milango yao inatazamana. Mmoja ni Mzee Athman, mtu wa msikitini. Wa pili ni Kahindi, mwimba kwaya. Miaka ishirini wanang'ang'aniana sare za shule. Kila Januari Kahindi atamsimamisha mzazi njiani amwambie kola za Athman hujikunja zikifuliwa mara tatu, naye Athman kutoka ng'ambo atajibu kwa sauti kwamba zipu za Kahindi hufunguka kanisani wakati wa kusimama. Hapo wana wivu wa kweli, si mchezo. Lakini Ijumaa Athman akienda kuswali, Kahindi ndiye anayemlindia duka. Anapokea vitambaa, anapima wateja, anaandika vipimo kwenye daftari la Athman, wala hamvuti mtu kuja kwake. Jumapili asubuhi Athman hufanya vivyo hivyo kwa Kahindi. Kwa hiyo kila mmoja anao ufunguo wa mwenzake, unakaa msumarini mwaka mzima. Ukimuuliza Kahindi kwa nini, atakushangaa. Sasa nani mwingine anajua kupima bega?

Ijumaa moja stima ilikuwa imepotea. Athman akaondoka kwenda msikitini. Stima ikarudi, na baada ya muda moshi ukaanza kutoka dukani kwake. Kahindi akafungua kwa ule ufunguo, akaingia, akatoa cherehani mbili na vitambaa vya watu. Cherehani ya tatu ikamshinda. Waliokimbilia pale walimwona akitoka motoni na ufunguo mkononi. Athman presha ikampanda, akasafirishwa kwa binti yake Lamu, na mpwa wake, aliyekuwa hajui lolote la Ijumaa wala Jumapili, akaenda kupiga ripoti. Kahindi akakamatwa kwa kuchoma duka.

Kituoni aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, na afisa akaandika kwa Kiingereza. Alisema hivi: Athman ni mshindani wangu miaka ishirini, na ufunguo wake ninao. Afisa akaandika kwamba Athman ni adui yake wa miaka ishirini, na ufunguo wake anao. Kahindi akaambiwa weka kidole hapa, akaweka. Nimejiuliza mara nyingi kama yule afisa alikuwa mbaya. Hapana, alikuwa mvivu. Alitaka neno, akachukua lililokuwa karibu, kama nilivyofanya mimi kwa kijana wa Kikambala. Ila kijana wa Kikambala alilisikia neno langu, akalikataa.

Siku ya dhamana Kahindi hakuwa na wakili. Mwendesha mashtaka akasimama akasoma kwa Kiingereza: mshtakiwa mwenyewe amekiri kwamba mlalamishi ni adui yake, tena ufunguo alikuwa nao, akiachiliwa atamdhuru. Nililisikia lile neno. Sitaki mtu aniambie pengine hukulisikia, Bi Kadzo, pengine chumba kilikuwa na kelele. Nililisikia vizuri. Swali la Mzee Shee lilinijia lenyewe: mtu ana adui miaka ishirini, naye anakaa na ufunguo wa mlango wake? Alipewa na nani?

Hakimu akaniangalia. Kulikuwa na mafaili mengi mezani. Nikamgeukia Kahindi nikamwambia, "Fundi, upande wa mashtaka wanapinga dhamana. Wanaogopa utaingilia mashahidi."

"Mashahidi gani, mama? Athman?"

Nikalitafsiri swali lake. Hakimu akasema atawajua kesi ikianza, akakataa dhamana, akaita faili jingine.

Ningemtafsiria yote, Kahindi angesema sikusema adui. Nami ningelitafsiri hilo, na hakimu angeuliza alisema nini basi. Sikutakiwa kumtetea. Sikutakiwa kumhurumia. Nilitakiwa kumwambia yaliyosemwa juu yake, basi! Mshahara wangu wote ulikuwa wa kazi hiyo moja.

Akakaa rumande miezi saba. Kila kesi yake ilipotajwa aliletwa, akasimama kizimbani, nami nikasimama kando yake. Leo faili halijapatikana. Leo afisa yuko kwenye mafunzo. Leo hakimu yuko likizo. Nilikuwa nikimtafsiria hizo habari moja baada ya nyingine, naye akinitazama mdomoni, mtu mtulivu, vidole vyake vikipapasa pindo la shati la rumande kana kwamba anatafuta ulipoanzia uzi. Neno adui sikumtajia. Kila mwezi niliona nimechelewa zaidi kulitaja.

Athman alirudi kutoka Lamu, akaja mahakamani mara mbili, na mara zote mbili kesi ikaahirishwa. Mara ya pili alinifuata kwenye varanda, bakora mkononi.

"Mwanangu, wewe ndiwe mkalimani wa Kahindi?"

"Ndimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nambie, wamemweka ndani kwa lipi? Mimi wananiambia kaa nje, wewe ni shahidi. Mpwa wangu naye kila nikimuuliza anasema mambo yako mbioni. Yako mbioni kwenda wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, siruhusiwi kuzungumza na mashahidi." Ni sheria, na ni sheria nzuri. Lakini nilisikia nafuu nilipoisema, na nafuu ile ndiyo inayonitia hasira hadi leo.

Mwezi wa tano wa rumande mama yake Kahindi akafariki. Kahindi akaomba kwenda kuzika. Siku hiyo nilitafsiri kila neno lake, hata kigugumizi chake nilikitafsiri. Mwendesha mashtaka akafungua lile faili, akasema mlalamishi na jamaa zake watakuwa matangani, na mshtakiwa, kama ijulikanavyo, ana uadui nao. Hapo, mbele ya macho yake, ningesema. Kinywa nilikifungua. Nikamwambia, "Wanapinga, fundi. Wanasema si salama." Akauliza si salama kwa nani. Mama yake akazikwa Jumamosi, yeye hayupo.

Hatimaye kesi ikasikizwa. Athman akaapa kwa Msahafu, akakataa kiti. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama ni kweli mshtakiwa alikuwa adui yake. Safari hii sikupunguza. "Mzee, ni kweli kwamba mshtakiwa alikuwa adui yako?"

"Adui? Nani kasema?"

"Mshtakiwa mwenyewe, katika maelezo aliyotoa kituoni." Hilo lilikuwa jibu la mwendesha mashtaka; akanikabidhi karatasi, nikayasoma maelezo yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, polepole. Kizimbani Kahindi akashika ubao kwa mikono miwili. Alikuwa akilisikia lile neno kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba.

"Wallahi huo ni uongo!" Athman akapiga bakora chini. "Adui nitampa ufunguo? Mnajua mimi nani? Huyu ni mshindani wangu. Zipu hajui kutia, hilo nitalisema hadi kaburini, lakini Ijumaa yangu iko mkononi mwake. Pasi niliiacha mimi! Stima ilikuwa imekatika, nikasahau kuichomoa, nikaenda kuswali. Miezi saba nataka kulisema hilo, naambiwa kaa nje, kaa nje! Tangu mmemchukua nashona ovyo, sina wa kunitazamia kazi. Na nguo aliyozikwa nayo mama yake nimeishona mimi, maana mwanawe mmemfungia nyinyi."

Nilitafsiri yote. "Mmemfungia nyinyi" nikaitafsiri vilevile, nikimtazama hakimu, na mkalimani hana jina, lakini nilijua nami nimo. Hakimu akaweka kalamu chini. Mwendesha mashtaka akaomba dakika tano, akarudi, akaiondoa kesi.

Kwenye varanda Kahindi akaniita. Athman alikuwa ameshika mkono wake kama mtu anayevusha mtoto barabara.

"Mama, lile neno. Siku ile ya kwanza lilisemwa?"

"Lilisemwa."

"Nawe ulilisikia?"

"Nililisikia, fundi. Na siku ya mama yako pia."

Akaitika kwa kichwa, kama alivyozoea kuniitikia kizimbani. Akageuka wakaenda zao. Ningetukanwa ningeshukuru.

Tangu siku ile sijafupisha. Mawakili walinung'unika, hakimu mmoja akaniandikia ile barua ya onyo kwamba nachelewesha mahakama, nayo nimeiweka vizuri kuliko cheti chochote. Nanyi mliobaki, nawaambia bila kuzunguka: mkimwona mtu kizimbani anaitika kwa kichwa, msidhani ameelewa. Mwambieni lote. Lichoshe koo, liwatie hasira wenye saa, mwambieni lote. Asiyeweza akatafute kazi ya kupiga mihuri.

Na sasa lile gauni. Siku ya kuniaga mlinizawadia gauni la kitenge, mkamshangilia mwenzenu Riziki kwa kulichagua. Nikamuuliza pembeni lilishonwa wapi.

"Gede, Bi Kadzo. Kwa fundi anayetazamana na Mzee Athman."

"Ulimwambia ni la nani?"

"Nilimwambia."

"Na vipimo ulimpa vipi?"

"Hakutaka. Alisema vyako anavyo."

Nililivaa kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Mabega sawa, kiuno sawa, urefu umekoma pale pale ninapopenda. Miezi saba nilisimama hatua moja kutoka kwake, naye akinitazama, akisubiri nimwambie wanasema nini.